Ratli Zilizoitwa Kilo

Yeyote aliyepata kupima vitu kwa pishi ajua kuwa pishi ya mchele na pishi ya pamba huenea chombo kimoja, lakini mizani haikubali kamwe kuwa ni sawa. Tofauti hiyo ndiyo wataalamu waiitayo densiti, yaani uzito uliomo katika kila kipimo kimoja cha ujazo. Ukitaka uzito, zidisha ujazo kwa densiti. Ukitaka ujazo, gawanya uzito kwa densiti. Ni hesabu ya mtoto wa shule, na tarehe 23 Julai, 1983, nusura iwaue watu 69.

Siku hiyo ndege ya shirika la Air Canada, aina ya Boeing 767, ilikuwa Montreal tayari kwenda Edmonton kwa kupitia Ottawa. Nchi ya Kanada wakati huo ilikuwa ikiacha ratli na kushika kilo. Saa za mafuta za ndege hiyo zilikuwa mbovu, basi ikabidi tangi zipimwe kwa vijiti. Zikaonekana lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300.

Fuatana nami katika hesabu yao. Walizidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo. Lakini 1.77 ilikuwa hesabu ya ratli katika lita moja. Kwa kilo ni kama 0.8 tu. Kumbe zilizokuwamo ni ratli 13,597, yaani kilo zisizofika 6,200! Wakatia lita 4,916 badala ya lita zipatazo 20,000, ndege ikaondoka na mafuta yasiyotimia nusu. Huko Ottawa walipima tena, ila kwa 1.77 ile ile. Na kupima mara mbili kwa kosa moja si kuhakikisha.

Walipokuwa juu kiasi cha futi 41,000 mafuta yalianza kukatika, na punde injini zote mbili zikazima. Kwa bahati njema rubani Robert Pearson alikuwa amezoea kurusha ndege zisizo na injini. Aliiteleza hewani hadi Gimli, kilipokuwa zamani kiwanja cha jeshi la anga, ambapo siku ile watu walikuwa wakishindana kwa motokaa. Gurudumu la mbele lilikunjika, pua ikakwaruza ardhi, ndege ikasimama. Hakufa mtu. Ndege yenyewe ilitengenezwa, ikaendelea kuruka hadi mwaka 2008.