Kodi ya kichwa na kodi ya mzigo katika Masisi na Walikale

Kodi ya kichwa ndiyo iliyowatambulisha wakazi wengi wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, kwa serikali ya kikoloni. Kabla yake Wahunde na Wanyanga walimpelekea chifu wao, mwami, mbuzi, pombe au sehemu ya mawindo, na kiasi kilifuata neema ya mwaka na haki ya mtu juu ya ardhi aliyoilima. Mkoloni hakutaka kupima hayo yote. Alihesabu wanaume wazima wenye nguvu, akawatoza kiasi kimoja.

Katika Kongo ya Mfalme Léopold II malipo yalikuwa jasho: dekreti ya 18 Novemba 1903 iliweka saa 40 za kazi kwa mwezi. Ubelgiji ilichukua koloni mwaka 1908, na dekreti ya 2 Mei 1910 ikaleta kodi ya fedha, kati ya faranga 5 na 12 kwa mwaka kulingana na eneo. Hali ya nyumba ya mtu nayo iliingizwa katika hesabu. Mwenye wake wengi aliongezewa kodi, ilhali mume wa mke mmoja aliyekuwa na watoto wanne au zaidi alisamehewa. Msamaha huo haukutokana na huruma juu ya gharama za malezi. Serikali ilihitaji vizazi vya wafanyakazi, na wamisionari walihubiri ndoa ya mke mmoja. Mwenye wake wawili na watoto kumi alilisha midomo mingi zaidi, na bado ndiye aliyelipa zaidi.

Juu ya fedha ziliongezwa siku za kazi. Dekreti ya 5 Desemba 1933 iliruhusu siku 60 za kilimo na kazi za lazima kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita kuu, zikapandishwa hadi 120. Wanaume waliingizwa msituni kutafuta mpira wa porini, mashamba ya nyumbani yakabaki mikononi mwa wanawake, na kodi haikupungua hata senti. Mapema mwaka 1944 ghadhabu ikalipuka. Wafuasi wa vuguvugu la kidini la Kitawala wakiongozwa na Bushiri Lungundu waliasi katika eneo la kati ya Lubutu na Masisi, hasa miongoni mwa Wakumu, wakitazamia mwisho wa utawala wa wazungu pamoja na kodi na kazi zake. Serikali iliuzima uasi huo kwa silaha.

Kwingineko kodi ilifuata wazo tofauti. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iliyompa mlipakodi chaguo: aorodheshe gharama zake moja moja ili zitolewe kwenye mapato yake kabla ya kodi, au achukue punguzo moja la jumla bila kuonyesha risiti. Chaguo hilo lilitokana na wazo kwamba mtu hutozwa kwa kinachobaki baada ya mahitaji yake. Kwa mkulima wa Masisi wazo hilo halikuwahi kuwa msingi wa kodi, wala wakati ule wala baadaye.

Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliwahamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, wakawapa utawala wao huko Gishari, kisha wakauvunja mwaka 1957. Tangu hapo wengi wao walidaiwa malipo na machifu wa Kihunde ambao hawakuwaona kuwa wakubwa wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wakulima wa Kinyarwanda walikataa kuyalipa, na mgogoro wa nani anamtoza nani ukachangia vita vilivyoanza Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale. Utawala wa Mobutu nao ulikuwa umeshaacha alama zake: kodi ndogo ya mtu binafsi iliyotozwa kila kijiji, na salongo, kazi ya pamoja iliyotangazwa kuwa ya ujenzi wa taifa. Huko Masisi neno salongo limebaki kwa siku ambazo mkulima asiye na ardhi humfanyia kazi mwenye shamba kubwa ili aruhusiwe kulima.

Vita vilipoenea, makundi yenye silaha yakatoza kwa njia mbili: kwa kichwa na kwa mzigo. Ya kwanza ni jetoni, kikaratasi kinachothibitisha malipo ya mwezi, mara nyingi faranga 1,000, sawa kwa tajiri na kwa mjane. Ya pili ni bariyeri, kizuizi cha njiani ambapo kila kitu huhesabiwa: gunia la makala, ng'ombe, kilo ya madini. Utafiti wa shirika la IPIS uliochapishwa 2017 ulihesabu bariyeri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, 312 kati yake Kivu Kaskazini. Katika machimbo ya Bisie, Walikale, wabebaji wa kasiterite, madini ya bati, waliwalipa wanajeshi wa brigedi ya 85, iliyotokana na wanamgambo wa Mai-Mai, mpaka mwaka 2009. Rubaya, katika Masisi, ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi za koltani zililipatia kundi hilo angalau dola 800,000 kwa mwezi.

Bariyeri inaonekana kuwa karibu zaidi na haki kwa kuwa inapima mali. Lakini inapima kinachopita tu. Haiulizi chakula alichonunua mchimbaji kwa mkopo, wala deni lake kwa mfanyabiashara aliyemkopesha nyundo na tochi. Mzigo uleule hutozwa tena kwenye bariyeri inayofuata.

Sheria ya Kongo haikukosa kabisa wazo la punguzo. Sheria ya kodi ya mapato ya 10 Februari 1969 ilikuja kumpunguzia mfanyakazi wa mshahara asilimia 2 ya kodi kwa kila mtegemezi, mpaka watu 9. Punguzo hilo lilihitaji mwajiri, orodha ya mishahara na ofisi ya kodi, vitu ambavyo mkulima wa Masisi na mbebaji wa Walikale hawana. Hao hulipa zaidi ya mara moja, na hakuna anayehesabu watoto wao.