Kiwango cha Umilisi: Kipimo cha Lugha, Si cha Akili

Kiwango cha umilisi ni hatua aliyofikia mwanafunzi katika kuitumia lugha anayojifunza. Waingereza husema "proficiency level". Nimechagua "umilisi" kwa sababu "umahiri" tayari umechukuliwa na mitaala yetu kwa maana ya uwezo wa jumla wa kutenda, na "daraja" humkumbusha mzazi matokeo ya mtihani wa Taifa. Istilahi hii isigusane na kufaulu wala kufeli.

Hupimwa kwa stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mfumo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 una ngazi 6, A1 hadi C2. Mfumo wa WIDA, unaotumiwa na majimbo mengi ya Marekani, nao una ngazi 6.

Huko Marekani ndiko walikohamishiwa Wakongo wengi kutoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako shule zao hufuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kijana aliyesoma aljebra kwa Kifaransa, akirudishwa kwenye hesabu za watoto kwa kuwa Kiingereza chake kiko ngazi ya 1, anadhulumiwa elimu aliyokwisha kuipata.

Kwa hiyo upangaji wa haki huuliza mambo mawili kwa kila somo: mwanafunzi amefika wapi katika somo lenyewe, na somo hilo linadai lugha kiasi gani? Aljebra huegemea zaidi alama na hatua. Historia hudai kusoma kurasa na kujenga hoja. Kijana huyo aendelee na aljebra alipoishia. Historia afundishwe kwa lugha iliyorahisishwa, maudhui yasipunguzwe, na Kiingereza chenyewe akisome kila siku. Kisha apimwe tena, maana kiwango hupanda. Tusidanganywe pia na wepesi wa maongezi: mtafiti Jim Cummins wa Kanada alionyesha kuwa lugha ya mazungumzo huja kwa takriban miaka 2, ilhali ya masomo huhitaji 5 au zaidi.

Jambo hili linatuhusu hata pasipo safari ya ng'ambo. Mtoto wa Kibondo, mkoani Kigoma, huzungumza Kiha nyumbani, akasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Tunampokea kidato cha kwanza kwa alama zake za darasa la saba, wakati hazituambii kama ataweza kusoma ukurasa wa baiolojia. Imla fupi, mazungumzo ya dakika chache, kifungu cha kusoma na aya ya kuandika vingetosha kuanzia. Majibu yake yafike kwa walimu wa masomo yote, siyo wa Kiingereza peke yake, kwa sababu kila mmoja wao anafundisha kwa lugha hiyo.