Barabara Nyeupe za Chianti

Baina ya miji ya Florence na Siena, katika nchi ya Italia, ipo wilaya ya vilima iitwayo Chianti, ambako mizabibu na mizeituni imepangwa safu kwa safu juu ya miteremko, na ambako mpanda baiskeli aweza kwenda asubuhi nzima asikutane ila na magari machache, huku magurudumu yake yakisaga changarawe nyeupe iliyochimbwa katika vilima vile vile. Wageni wafikao huko huusifu ukimya huo kama tunu ya maumbile. Lakini mwenye kuidurusu tarikhi ya nchi hiyo atatambua ya kuwa vilima hivyo havikuwa kimya asilan, na kwamba utulivu unaowafurahisha wapanda baiskeli wa leo umetokana na kuhama kwa wakulima wengi mno, ambao majina yao hayakuandikwa sana ila katika vyeti vya kanisa na madaftari ya madeni.

Hapo kale njia hizo zilikuwa njia za vita. Florence na Siena, dola mbili zilizochukiana, ziligombea mpaka kwa karne nyingi, na wenyeji wana hekaya yao juu ya jinsi ugomvi ulivyokatwa: kwamba ilikubaliwa kila mji utoe mpanda farasi mmoja jogoo awikapo, na pale watakapokutana ndipo patakuwa mpaka. Watu wa Siena wakamchagua jogoo mweupe wakamlisha akashiba. Wale wa Florence wakamchukua jogoo mweusi, wakamfungia gizani na njaa yake, naye akawika kabla ya alfajiri kupambazuka, hata mpanda farasi wao akawahi kufika Fonterutoli, karibu zaidi na Siena kuliko Florence, kabla ya kukutana na mwenziwe. Ikiwa kweli au si kweli, jogoo mweusi akawa alama ya umoja wa kivita wa vijiji vya Radda, Gaiole na Castellina, na mwaka 1924 wenye mashamba walipokutana Radda kuunda chama cha kuilinda mvinyo yao walimchukua jogoo huyo huyo kuwa nembo. Mipaka ya Chianti yenyewe ilikwisha kutangazwa kwa amri ya Mtawala Cosimo wa Tatu wa ukoo wa Medici, tarehe 24 Septemba 1716, nayo ni miongoni mwa amri za mwanzo duniani za kutaja ni ardhi ipi iliyo na haki ya kuipa mvinyo jina lake.

Amri hiyo yatajwa sana; lakini watu waliolima ardhi hiyo hawatajwi sana, nami naona ndiko kwenye kiini cha habari. Kwa muda wa karne nyingi walilima kwa mkataba uitwao mezadria, ambao maana yake ni kugawana nusu kwa nusu. Mwenye milki, ambaye aghalabu aliishi mjini katika kasri lake, alitoa ardhi na nyumba. Mkulima alitoa nguvu za jamaa yake yote, babu, wana, wakaza wana na wajukuu wakiishi chini ya paa moja, na mavuno ya ngano, zabibu na zeituni yakagawanywa mafungu mawili mbele ya nyapara. Kila jamaa ilikuwa na daftari dogo, ambamo upande mmoja iliandikwa mkulima alichotoa na upande wa pili alichopokea, naye mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma. Na hesabu ilipofungwa mwisho wa mwaka, si ajabu mtu aliyevuna vizuri akakutwa bado anadaiwa. Juu ya nusu hiyo kulikuwa na ada nyingine: majogoo ya Krismasi, mayai ya Pasaka, siku za kazi bila ujira. Katika mashamba mengi hata kijana akitaka kuoa alihitaji ridhaa ya mwenye milki, maana mdomo ukizidi nyumbani chakula hupungua, na mkono ukizidi mavuno huongezeka, na yote mawili yalimhusu tajiri.

Mashamba ya wakati huo hayakufanana na haya ya sasa. Msomaji wa Dodoma, aliyezoea kuona mzabibu ukitandazwa juu ya waya, angestaajabu kuona namna mkulima wa Chianti alivyoupandisha juu ya mti ulio hai, katikati ya ngano, kunde na mizeituni, ili kipande kimoja cha ardhi kitoe kila kitu kwa pamoja. Naye alijenga kuta za mawe bila chokaa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Katika kasri la Brolio, karibu na Gaiole, Baroni Bettino Ricasoli, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Italia mwaka 1861 na tena mwaka 1866, alifanya majaribio ya mvinyo kwa miaka mingi, na katika barua ya mwaka 1872 akaeleza mchanganyo wake: zabibu za Sangiovese kwa harufu na nguvu, Canaiolo kwa kuilainisha, na Malvasia kwa ile inywewayo upesi. Mvinyo hiyo ilisifiwa mbali. Nayo iliteremshwa vilimani kwa magari ya maksai, juu ya barabara za changarawe zilizotunzwa kwa mikono, kwa sepeto na toroli, na watu waliovunja mawe, wakajaza mashimo, na wakazibua mifereji ya kando kabla ya masika.

Baiskeli ilifika mapema katika nchi hiyo. Tarehe 2 Februari 1870 chama cha wapanda baiskeli cha Florence kiliandaa mashindano ya barabarani mpaka Pistoia, ambayo ni katika yale ya kwanza kabisa duniani, na mshindi akawa kijana wa Kimarekani. Wakati huo baiskeli ilikuwa mchezo wa matajiri; haukupita muda mrefu ikawa chombo cha tarishi, cha kasisi na cha mkunga, na mwisho cha mwana wa mkulima mwenyewe. Katika kijiji cha Ponte a Ema, kusini ya Florence, pale njia ianzapo kupanda kuelekea Chianti, alizaliwa mwaka 1914 Gino Bartali, mtoto wa kimaskini aliyejifunza ufundi wa baiskeli kabla ya kujulikana kwa kuzipanda. Alishinda Tour de France mwaka 1938, na vita vilipokwisha akashinda tena mwaka 1948, miaka 10 baadaye, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Lakini kwangu mimi fahari yake kubwa si hiyo. Wakati majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Italia, yasimuliwa kwamba alibeba vyeti vya bandia ndani ya bomba za fremu ya baiskeli yake, baina ya Florence na Assisi, akijifanya yumo mazoezini, ili Wayahudi waliofichwa wapate kuokoka. Wanahistoria wangali wakijadiliana juu ya kiasi cha safari hizo, ila mwaka 2013, alipokuwa amekwisha kufariki, taasisi ya Yad Vashem ilimtaja miongoni mwa watu waadilifu waliowaokoa Wayahudi. Yeye katika uhai wake hakupenda kulizungumza.

Baada ya vita ule mkataba wa kale ulianza kulegea. Wakulima waligoma, na fungu lao likapandishwa kutoka nusu hadi asilimia 53. Lakini vijana walikwisha kuchoka kuingoja haki polepole. Walikuwapo walioteremka kwa baiskeli kila alfajiri kwenda machimbo ya makaa ya Cavriglia, au viwanda vya chuma vya San Giovanni Valdarno, na jioni wakapanda tena vilima kwa miguu iliyochoka. Na mwenye kupokea mshahara kila mwezi, asiyedaiwa na daftari la mtu, hakuona sababu ya kurudi shambani. Sheria ya mwaka 1964 ilipokataza mikataba mipya ya mezadria, tayari nyumba nyingi zilikuwa mahame: milango ikaachwa wazi, mbigili ikaota uani, kuta za mawe zikaporomoka. Wenye milki wakaing'oa mizabibu ya zamani, wakapanda safu zilizonyoka ili trekta ipite. Na kwa kuwa watu hawakuwapo, serikali haikuona haja ya kutia lami njia ziendazo kwenye nyumba tupu. Basi hiyo ndiyo asili ya ukimya ule, na ndiyo sababu weupe wa barabara ulibaki.

Ilipofika miaka ya 1990 hali ilikwisha kugeuka. Wageni kutoka Uingereza, Ujerumani na kwingineko walikuwa wakizinunua nyumba za wakulima na kuzifanya za fahari, na lami ikaanza kuzifuata. Ndipo Giancarlo Brocci, mtu wa Gaiole, alipoandaa mwaka 1997 matembezi ya baiskeli yaitwayo L'Eroica, kwa nia iliyo dhahiri ya kuzikinga barabara za changarawe zisifunikwe, na siku ile ya kwanza wapanda 92 walijitokeza. Sharti ni kwamba baiskeli iwe imetengenezwa kabla ya mwaka 1987: gia zibadilishwe kwa vishikio vilivyo juu ya fremu, nyaya za breki zipite nje juu ya usukani, na miguu ifungwe kwenye pedeli kwa mikanda ya ngozi. Wale wa njia ndefu, ya kilomita 209, huondoka Gaiole gizani, na mpando wa Brolio, ambako zamani magari ya maksai yaliteremka na mapipa ya Baroni, huwashiwa taa kandokando ili waione njia. Vituoni hupewa mkate, mafuta ya zeituni, na supu nzito ya maharagwe na kabichi, chakula kile kile cha wakulima wa mezadria.

Mwaka 2007 yakafuata mashindano ya wapanda baiskeli wa kulipwa, ambayo leo yanaitwa Strade Bianche na huishia katika uwanja mkuu wa Siena, na tangu mwaka 2015 wanawake nao wana mashindano yao juu ya changarawe hiyo hiyo. Ile njia ya kilomita 209 imewekewa vibao, na mtu yeyote aweza kuipita msimu wowote wa mwaka. Kando yake zimesimama nyumba za mawe zilizofanywa hoteli, zenye mabwawa ya kuogelea pale palipokuwa viwanja vya kupuria ngano, ambapo nyapara alisimama na daftari lake akihesabu mafungu mawili.