Kiungo na kigeuzi: adapta mbili ndani ya jina moja

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa leo hazina tundu la VGA, lile ambalo kwa kawaida huwa la buluu, lenye nafasi za pini 15 katika safu tatu. IBM ndiyo iliyolileta mwaka 1987. Mwishoni mwa 2010 kampuni kubwa, zikiwemo Intel, AMD na Dell, zilitangaza kwamba zitaachana nalo ifikapo 2015. Skrini zake, hata hivyo, nyingi bado nzima na hakuna sababu ya kuzitupa. Mwenye nayo akinunua kompyuta mpya huenda dukani kuomba adapta, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa kuwa jina hilo limebeba vitu viwili.

Kimoja hubadili umbo la kichwa cha kebo tu. Kutoka HDMI kwenda DVI ya kidijitali, ishara ya picha ni ileile; waya hukutana na waya, picha ikapita. Hicho nakiita kiungo. Kingine kina saketi ndani yake. HDMI hutoa picha kwa tarakimu, ilhali VGA hutaka volteji inayopanda na kushuka kwa kila rangi: nyekundu, kijani na buluu. Lazima pawe na kifaa katikati cha kuzigeuza tarakimu ziwe volteji, tena kinachohitaji umeme wa kufanyia kazi hiyo. Hicho ni kigeuzi.

Wapo wanaopendekeza kigeuzi kiitwe king'amuzi, neno lililoenea Tanzania matangazo ya televisheni yalipohamia dijitali mwishoni mwa 2012. Ni neno zuri, na king'amuzi nacho kiliziokoa televisheni za zamani. Lakini limeshapata mwenyewe. Ukiliomba dukani utaletewa cha televisheni. Kigeuzi kinajieleza: kiishio -i kinatuambia kwamba kitu hiki kinatenda, kama mwokozi anavyookoa. Kiungo hakitendi, ni mahali vitu vinapoungana.

Tofauti hii husaidia hasa picha inapokataa kutokea. Zipo kebo zenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili, ndani waya tupu. Hizo ni viungo, na kwenye kompyuta ya kawaida skrini itabaki nyeusi hata ukizichomeka mara ngapi. Kigeuzi nacho kina upande wa kuingilia na wa kutokea: cha HDMI kwenda VGA hakirudi kinyume, ingawa kwa macho kinafanana sana na cha VGA kwenda HDMI. Picha ikitokea kubwa na yenye ukungu, labda nukta 1024 kwa 768, kagua pini ya 12 na ya 15 kwenye kichwa cha VGA. Hizo ndizo skrini inazotumia kuieleza kompyuta vipimo vyake. Moja ikipinda au kukatika, kompyuta hukisia. Na kama kompyuta ina USB-C pekee, hakikisha kwanza kwamba tundu hilo linatoa picha, kwani mengine hupitisha data na chaji tu.

Ombi langu ni kwa wauzaji na waandishi wa miongozo: andikeni kwenye lebo "kigeuzi, HDMI kwenda VGA", neno la kifaa kwanza, kisha mwelekeo wake. Mnunuzi asilazimike kukisia.