Upambanuzi wa Ugonjwa: Istilahi kwa Mgonjwa Asiyesema

Samaki wa dhahabu amepanda juu ya maji, kinywa wazi, anatweta. Mwenye tangi, sebuleni kwake Butembo, anaona kwamba hali si nzuri, na swali la kwanza linalomtoka ni la dawa: nimpe nini? Ameruka hatua moja. Hatua hiyo Kiswahili kimeipa majina mengi: utambuzi wa ugonjwa, ubainishaji, uchunguzi, uaguzi. Waliosoma kwa Kifaransa hapa kwetu husema diagnostiki, na mtaani watu husema kupima.

Neno uaguzi ni zuri na la kale, nami nalipenda. Lakini kuagua ni kubashiri, na kuagua ni kutibu pia. Kujua na kuponya vimefungwa katika kitenzi kimoja, na huko ndiko anakoteleza mwenye tangi wetu. Kupima, nako, ni kupata namba. Mtu anaweza kupima asubuhi hadi jioni asijue kinachomuua samaki. Asili ya neno diagnostiki ni Kigiriki, na maana yake ni kujua kwa kutenganisha, kutofautisha hili na lile. Kiswahili kina kitenzi chenye kazi hiyohiyo: kupambanua. Ndiyo maana nasimama upande wa upambanuzi wa ugonjwa.

Miji yetu ya Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, inajua uzito wa jambo hili. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikufa. Mwanzoni mgonjwa alikuwa na homa, kichwa kilimuuma, mwili ulilegea, kama wa malaria, kama wa tifoidi. Jicho la munganga pekee halikutosha. Damu ilibidi ifike maabara. Homa na maumivu hayo yalikuwa dalili tu, na neno dalili limetoka katika Kiarabu, ambako dalil ni kiongozi wa njia. Anayekuonyesha njia si mji unakokwenda.

Sasa turudi kwenye kioo cha tangi. Kutweta juu ya maji ni dalili moja yenye njia nyingi nyuma yake. Huenda hewa ya oksijeni imepungua kwa kuwa umeme umekatika na pampu imesimama. Huenda amonia, inayotoka kwa samaki wenyewe na chakula kilichooza, imechoma mashavu yao. Huenda ni nitriti, ambayo huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Au ni vimelea vilivyojishikiza kwenye mashavu. Dawa ya vimelea ikimwagwa kwa samaki aliyechomwa na amonia humwongezea mzigo tu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: wangapi, na tangu lini? Wakitweta wote kwa pamoja, saa chache baada ya maji kubadilishwa, shuku maji. Miaka ile ya Ebola ndoo ya maji ya klorini ilisimama kila mlangoni. Ya kunawia mikono ilikuwa ya asilimia 0.05, yaani miligramu 500 kwa lita. Samaki huuawa na klorini isiyofika hata miligramu moja kwa lita. Kilichotulinda sisi ni sumu kwake. Akiugua mmoja leo na mwingine keshokutwa, hapo fikiria ugonjwa wa kuambukiza. Na kama tangi lina wiki mbili tu, shuku amonia kabla ya kitu kingine, kwa sababu bakteria wanaoivunja huhitaji wiki 4 hadi 6 hivi kukaa sawa.

Mama anayenunua sokoni Butembo samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge hufunua shavu atazame wekundu. Huo ni upambanuzi, ingawa hajauita hivyo. Kwa samaki aliye hai, shavu lililogeuka rangi ya kahawia huelekeza kwenye nitriti.

Madoa meupe kama punje za chumvi mwilini na mapezini ni kazi ya kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Hata hapa tenganisha kwanza: dume la samaki wa dhahabu anayetaka kuzaa huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu, naye ni mzima kabisa. Kimelea kikiwa chini ya ngozi, dawa haikifikii. Hufikiwa kikiwa kinaogelea majini kutafuta samaki mwingine. Kwenye joto, kama la Beni, mzunguko wake huweza kwisha chini ya wiki moja. Butembo, juu milimani kwenye baridi, huchukua muda mrefu zaidi, na tiba lazima irefuke vilevile. Anayenakili siku za dawa kutoka Beni ataacha mapema, na madoa yatarudi.

Haya yanawahusu pia koi, ambao ni samaki wa jamii ya kapi. Mimi nawaita koi, jina walilokuja nalo.

Kabla ya duka la dawa, basi, toa theluthi ya maji, tia mengine yaliyokaa wazi kwenye beseni siku nzima, yenye joto lilelile. Halafu keti utazame. Akishuka chini na kuanza kudonoa chakula kabla ya jioni, chupa ya dawa haina haja ya kufunguliwa.