Msonge wa Shaba: Miaka 50 ya Kanisa la Mashahidi, Namugongo

Tarehe 3 Juni 1975, Kardinali Sergio Pignedoli, mjumbe wa Papa Paulo wa Sita, alitabaruku kanisa jipya katika kilima cha Namugongo, nje kidogo ya Kampala. Muumini aliyezoea minara miwili na matofali ya Kanisa Kuu la Rubaga alikuta umbo jingine kabisa. Mbele yake ulisimama msonge, wa duara chini na mchongoko juu, uliozungukwa na nguzo ndefu za shaba zilizoinama kukutana kileleni kama makombamoyo ya nyumba ya kale.

Umbo hilo lina historia yake, nayo inaanzia ikulu. Kabaka, mfalme wa Buganda, aliishi katika msonge mkubwa ulioezekwa kwa nyasi. Ule ambao Muteesa wa Kwanza aliujenga Kasubi mwaka 1882 ndio uliogeuka kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Vijana kutoka koo mbalimbali walipelekwa kutumika katika nyumba za namna hiyo. Walipokea wageni, walibeba ujumbe na walijifunza adabu za utawala. Baadhi yao walisikia mafundisho ya Wamisionari wa Afrika waliofika Buganda mwaka 1879, akiwemo Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera.

Kabaka Mwanga alipomrithi Muteesa, utii wa vijana hao kwa dini mpya ulimkera. Mnamo Novemba 1885 aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana Wakatoliki wa ikulu, na uongozi huo ukamwangukia Karoli Lwanga. Mwishoni mwa Mei 1886, vijana waliokataa kuikana imani walihukumiwa Munyonyo, wakafungwa na kuswagwa hadi Namugongo, mahali palipotumiwa tangu zamani kutekelezea hukumu za kifo. Alhamisi ya tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana, walifungwa ndani ya matete na kuchomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana kwa siku moja. Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake.

Mahali alipochomewa Lwanga ndipo ilipo altare ya kanisa hili. Wajenzi walianza na kipande hicho cha ardhi, na duara lote likapimwa kwa ajili yake.

Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa wenye heri mwaka 1920. Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukiwa unaendelea. Mtaguso huohuo ulikuwa ukitafakari upya namna waamini wanavyoshiriki Misa, na makanisa mengi mapya yakaanza kuisogeza altare karibu na watu. Mwaka 1969 Paulo wa Sita alizuru Uganda, akiwa Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika, na tarehe 2 Agosti alifika Namugongo.

Mchoro wa kanisa ulikuwa wa Justus Dahinden, msanifu majengo wa Uswisi. Huyu ndiye aliyechora pia kanisa la hija la Mityana, wilaya alikouawa shahidi Noa Mawaggali. Kwa Namugongo alichukua umbo la nyumba ambayo Waganda huiita akasiisiira. Nguzo za nje ni 22, kila shahidi na yake, na kila moja ina urefu wa zaidi ya futi 100. Kwa kuwa uzito wa paa umebebwa pembeni, ndani hamna nguzo ya kumkinga mtu asiione altare. Ukikaa popote unamwona padri, na ng'ambo ya padri unawaona waamini wenzako.

Hapa ndipo mchoro unaposema jambo ambalo kanisa lenye umbo la msalaba lisingeweza kulisema. Hawa walikuwa watoto wa ikulu. Msonge ndio waliofagia na kulala ndani yake, na ndio uliotoa amri ya kuwaua. Waliojenga kanisa lao hawakulikimbia umbo hilo. Walilichukua, wakaondoa nyasi, wakaweka shaba, na pale ambapo kiti cha mtawala kingekaa wakaweka altare. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, msonge wa makaburi ya Kasubi uliteketea kwa moto, na Buganda nzima ikalia. Tangu siku hiyo ni vigumu kuzitazama nguzo za Namugongo bila kukumbuka jinsi nyasi zinavyoshika moto.

Mwaka 1993, mwaka ambao Papa Yohane Paulo wa Pili alifika hapa, kanisa lilipandishwa hadhi kuwa basilika ndogo. Papa Fransisko alikuja Novemba 2015, akatembelea pia mahali pa kumbukumbu pa Waanglikana, jirani tu na hapo.

Kanisa lenyewe linaenea watu wapatao 1,000, ilhali mahujaji wa kila tarehe 3 Juni huhesabiwa kwa malaki. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi, wakiwemo wa kutoka Kenya na Tanzania. Kwa hiyo Misa ya siku hiyo huadhimishwa nje, kwenye altare iliyojengwa katika kisiwa cha ziwa dogo, umati ukiwa umeketi kwenye miteremko. Lakini kabla ya kutafuta pa kukaa, wengi hupanda kwanza hadi kwenye msonge, wakaingia, wakapiga goti. Ndivyo mgeni mwenye adabu afanyavyo kwenye mji wa watu: huanza kwa kusalimia nyumba kubwa, kisha hurudi uani kuketi na wenzake.