Manukuu ya televisheni: namna ya kuyawasha na kuyarekebisha nyumbani

Manukuu ni maandishi yanayotokea kwenye kioo cha televisheni yakionesha yanayosemwa katika kipindi. Yapo ya aina mbili, na asiyezitofautisha huhangaika na rimoti bure. Aina ya kwanza huunganishwa na picha yenyewe wakati kipindi kinapotengenezwa, kama katika tamthilia nyingi za kigeni. Maandishi hayo hayazimwi wala hayabadilishwi. Aina ya pili, ambayo ndiyo inayozungumziwa hapa, husafiri kando ya picha na hubaki yamefichwa mpaka mtazamaji ayawashe.

Manukuu ya kufichwa yalianza kurushwa nchini Marekani mwezi Machi 1980, na wakati huo yalihitaji kifaa cha pekee kilichounganishwa na televisheni. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1990 ililazimisha kila televisheni ya inchi 13 au zaidi kuwa na uwezo huo ndani yake kuanzia Julai 1993. Leo karibu kila televisheni mpya inayo sehemu ya manukuu, ingawa wenye nyumba wengi hawajawahi kuifungua.

Kwa kawaida rimoti huwa na kitufe chenye herufi SUB, SUBTITLE au CC. Kikikosekana, fungua mipangilio na utafute sehemu ya lugha, au ile iliyoandikwa "Accessibility", yenye huduma za watu wenye ulemavu. Swali la kujiuliza kwanza ni rimoti ipi. Panapotumika king'amuzi kilichounganishwa kwa waya wa HDMI, televisheni hupokea picha na sauti zilizokwisha kuandaliwa, na manukuu ya kufichwa hayapiti katika waya huo. King'amuzi ndicho kinachoyachora juu ya picha. Kwa hiyo manukuu huwashwa kwa rimoti ya king'amuzi. Kubonyeza kitufe cha televisheni hakutaleta kitu, hata kama kifaa ni kizima kabisa. Hapa ndipo wengi huamua kuwa televisheni yao ni mbovu na kumwita fundi. Rimoti ya televisheni hutumika pale antena inapoingia moja kwa moja kwenye televisheni, au kipindi kinapotazamwa kwa programu ya intaneti iliyo ndani yake.

Orodha ya lugha ikitokea, huenda lugha moja ikaonekana mara mbili, mojawapo ikiwa na alama ya sikio au herufi HI au SDH. Hiyo ndiyo iliyoandaliwa kwa wasiosikia. Pamoja na maneno, hueleza sauti nyingine: mlango unagongwa, watu wanacheka, muziki wa huzuni unapigwa. Manukuu ya kawaida huacha hayo kwa kudhani kuwa mtazamaji anayasikia.

Ukubwa na rangi hutegemea chanzo. Katika matangazo mengi ya kidijiti yanayotumia mfumo wa DVB, manukuu hurushwa yakiwa picha ndogo, hivyo hayakuzwi. Yale ya intaneti huja yakiwa maandishi, na mtazamaji huweza kuchagua ukubwa, rangi na kivuli cha nyuma. Kwa mzee mwenye macho dhaifu, herufi nyeupe au za manjano juu ya kisanduku cheusi husomeka vizuri kuliko herufi zisizo na kivuli. Filamu iliyo kwenye flashi huhitaji faili la manukuu, mara nyingi la aina ya SRT, lenye jina lile lile la faili la filamu. Maandishi yakitangulia au yakichelewa, televisheni nyingi zina sehemu ya kuyasogeza mbele au nyuma kwa sekunde.

Kwa matangazo ya moja kwa moja, kuchelewa kwa sekunde chache ni jambo la kawaida, kwani maneno huandikwa yakisemwa. Manukuu yanayotengenezwa na kompyuta hukosea zaidi majina ya watu, mahali na dawa. Anayefuatilia tangazo la afya au tahadhari ya mvua athibitishe tarakimu na majina kwa njia nyingine.

Ifahamike pia kuwa manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani. Kwa viziwi wengi, Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Manukuu humfaa zaidi aliyepoteza usikivu ukubwani akiwa tayari anasoma.

Hakuna mpangilio utakaoleta manukuu ambayo kituo hakikuyarusha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika ibara ya 30 vipindi vya televisheni viwafikie watu hao kwa namna wanayoweza kuitumia. Nchini Kenya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilivitaka vituo kuweka lugha ya alama au manukuu katika taarifa za habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Mtazamaji anayekosa huduma hiyo aanze kwa kukiandikia kituo husika, na asiporidhika alifikishe suala lake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ataje chaneli, kipindi, tarehe na saa, na aeleze kama anatumia king'amuzi au antena, ili ijulikane tatizo liko kituoni au nyumbani kwake.